Meza na Ghala

Huku kwetu Majengo, mjini Goma, kompyuta ikianza kujikokota, watu hukimbilia kufuta picha. Nasi picha hizo twazionea uchungu, maana lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 iliteketeza nyumba pamoja na karatasi zote zilizokuwamo.

Jambo hili lina asili yake. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iitwayo RAMAC. Sahani zake 50 za sumaku zilikuwa ghala la herufi milioni 5. Lakini kazi yenyewe ilipitia ngoma ndogo ya sumaku, yenye nafasi ya herufi 3,200 tu. Ghala mbali, meza ya kazi mbali. Hata leo ni vivyo hivyo, ila meza ya sasa husahau yote umeme ukikatika (na Majengo twakujua kukatika huko!).

Basi kufuta picha hakupanui meza. Tufunge kwanza programu tusizozitumia. Ghala likijaa pomoni, hapo kufuta kwafaa, kwa kuwa meza isipotosha kompyuta huazima pembe ya ghala. Tuanze na filamu, kisha tumwage kapu la taka, kwani vilivyomo bado vinashika nafasi. Picha za ubatizo na arusi zinakiliwe kwanza kwenye diski ya pembeni.