Framasoni ni nini, na kwa nini loji haigawi feza

Kipese, Butembo ao Beni, mutu akijenga etaje haraka ao akinunua malori mawili kwa mwaka mmoja, maneno yanaanza: "Huyu ameingia framasoni." Na kwa maneno hayo kuko watu wanaokula feza za wengine. Ujumbe unafika kwa WhatsApp: jiunge, tuma dola kidogo za fomu kwa simu, utatajirika. Mutu akituma, wanamuomba tena za "sadaka", kisha namba inazimwa.

Framasoni ni chama kilichochukua alama zake kwa waashi wa Ulaya, njo maana utaona ekeri na kompa. Wenyewe wanahesabu kuanzia tarehe 24/06/1717, siku loji nne za London zilipoungana kuwa Loji Kuu. Loji ni kundi la wanachama wanaokutana pamoja mahali pamoja. Ngazi ni tatu: mwanafunzi, fundi mwenza, na fundi kamili. Wanachagua mkubwa wa loji kwa mwaka mmoja, na kando yake wasimamizi wawili, karani, mtunza feza, na mlinzi wa mlango. Mutu mpya anapendekezwa na wanaomjua, halafu wanamupigia kura ya siri. Akiingia, yeye njo analipa mchango kila mwaka. Tawi la Kiingereza linadai mwanachama aamini Mungu. Grand Orient ya Ufaransa iliondoa sharti hilo mwaka 1877.

Sasa hadithi ya shetani. Sehemu kubwa yake ilitungwa na Léo Taxil, mwandishi wa Ufaransa. Mwaka 1885 alijifanya amerudi katika Kanisa, akaanza kuandika vitabu kwamba framasoni wanaabudu shetani. Alibuni hata mwanamke, Diana Vaughan, eti ametoroka kwao. Watu wengi walimsadiki, na mapadri pia. Tarehe 19/04/1897, mbele ya watu waliojaa ukumbini Paris, alisema yote yalikuwa uongo wake. Yeye alikiri, lakini hadithi ikaendelea kutembea mpaka leo.

Kanisa Katolika linakataza framasoni kweli, tena tangu Papa Klementi wa 12 mwaka 1738. Tangazo la Roma la 1983 linasema mkatoliki anayejiunga yuko katika dhambi nzito na hawezi kukomunika. Sababu iliyotolewa ni kwamba mafundisho yao hayapatani na ya Kanisa. Damu na utajiri wa ghafla havimo. Waasumsyonisti, waliofika Beni mwaka 1929, ni shirika lililoanzisha gazeti La Croix huko Ufaransa, na gazeti hilo lilipiga vita framasoni kwa miaka mingi. Si ajabu basi kama neno hili lilifika huku likiwa tayari na harufu mbaya. Wakati wa Wabelgiji ugomvi ulikuwa pia juu ya masomo: mwaka 1954 waziri mliberali Auguste Buisseret alianza kufungua shule za serikali zisizo za misheni katika Kongo, jambo ambalo loji za Ubelgiji zilikuwa zikilitaka.

Framasoni anayejulikana kuliko wote Afrika Mashariki alikuwa Sir Andy Chande wa Tanzania, aliyefariki mwaka 2017. Hakujificha: aliongoza loji za eneo hilo kwa miaka mingi na kujibu waandishi wa habari waziwazi. Alikulia Bukene, upande wa Tabora, na jamaa yake ilikuwa na viwanda vya kusaga nafaka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ya Nyerere ilivitaifisha. Wakati huo Chande alikuwa tayari framasoni, na loji haikumurudishia hata kinu kimoja. Alibaki akisimamia kampuni ya serikali ya kusaga, kwa mshahara.

Mwenye kupata ujumbe wa aina hiyo asitume feza wala picha ya kadi yake ya mpigakura. Aliyekwisha kutuma asifute kitu: namba, ujumbe na uthibitisho wa kutuma vinahitajika akienda kwa ajensi ya simu na kwa polisi.