Safu ya Lugha: Anayevuta uradi na anayetafakari

Kwenye kumbi za mazoezi na programu za simu, "meditesheni" imeshika kasi, na wanaoikwepa hukimbilia "kufanya tafakari kila siku". Hapo pana makosa mawili. Tafakari ni kitenzi. Jina lake ni tafakuri. Kisha, anayetafakari ana jambo analolipima akilini, ilhali anayekaa kufuatilia pumzi zake anajaribu kuliacha kila jambo lipite. Huyo anatuliza fikra, na inatosha kabisa kusema hivyo.

Ibada ya kila siku ina neno lake la zamani: uradi, wingi nyiradi.

Limetokana na Kiarabu wird, lenye mzizi mmoja na kitenzi cha kufika penye maji. Uradi ni maneno maalumu ya ibada yanayosomwa kwa wakati wake. Mzee amebaki mkekani baada ya sala ya alfajiri, midomo inachezacheza, kidole gumba kinasukuma punje za tasbihi mojamoja hadi zitimie 33. Waswahili husema anavuta uradi, hawasemi anafanya. Dhikri ni pana zaidi, kumtaja Mungu peke yako au katika halaiki. Mfano wa dhikri ya halaiki ni Ratibu al-Haddad, iliyopangwa na Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim (1634–1720), inayosomwa Lamu hadi leo; mzizi wa neno ratibu ndio uliotupa "ratiba" ya ofisini.

Wanaoita uradi kila namna ya kukaa kimya nao wanapotoka: pasipo maneno ya ibada, hakuna uradi.