Risasi Imekwenda, Ganda Limebaki

Mvuvi wa Tumbe akikwambia anakwenda kununua risasi, usishtuke. Anataka yale madini mazito ya kijivu ya kufunga kwenye mshipi ili ndoano izame. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno, na Kiarabu kilichotupatia kinalitumia vivyo hivyo. Baadaye likahamia kwenye kidonge cha madini hayo kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Siku hizi, kwenye magazeti na taarifa za polisi, limemeza kila kitu: kidonge, baruti iliyokisukuma na kikopo cha shaba kilichovibeba vyote viwili. Hapa Micheweni lina uzito wa namna nyingine pia. Tarehe 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Unguja na Pemba, mji wetu ukiwemo, na wapo watu wazima ambao hadi leo hawapendi kulisikia likichezewa.

Kulichezea ndiko nilikoombwa. Kijana wa ukoo wetu aliyeko Marekani alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo ami. Huku kuna wazee wana mchezo wao, wanavaa kofia pana na mabuti, wanapiga shabaha kama makauboi wa sinema. Risasi hawanunui, wanazitengeneza wenyewe kwa maganda yaliyokwisha kupigwa. Kazi hiyo kwa Kiswahili twaiitaje?" Kiingereza huiita reloading. Jibu linalokuja mbio ni "kujaza risasi upya", na wafasiri wengi wangeliandika bila kusita. Halifai. Kwanza, kujaza risasi tayari kuna kazi yake: ndiko kutia risasi ndani ya bunduki, kama askari anavyofanya zikimwishia. Pili, na hili ndilo kubwa, risasi haijazwi. Ikishapigwa imekwenda, iko ubaoni au mchangani. Kilichobaki mkononi ni ganda tupu, na ndani ya ganda hilo kinarudishwa kitu ambacho babu zetu walikuwa na jina lake.

Kabla ya jina, mchezo wenyewe. Ulianza California mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1987 ukapata chama chake, Single Action Shooting Society. Mchezaji hubeba silaha nne za mtindo wa karne ya 19: rivolva mbili zinazokokiwa kwa kidole gumba kabla ya kila mlio, bunduki ndefu inayosukumiwa risasi kwa wenzo ulio chini ya mkono, na bunduki ya marisau, mara nyingi ya midomo miwili. Hujichagulia jina la mchezo, huvaa mavazi ya enzi hizo, kisha hushindana na saa. Shabaha ni vibao vya chuma vilivyo karibu, na ukaribu huo ndio uliozaa masharti yote ya risasi zao. Lazima ziwe za madini matupu yasiyovikwa shaba, ili zikigonga chuma zisambaratike badala ya kumrudia mpigaji. Mwendo nao una kikomo: chini ya futi 1,000 kwa sekunde kwa rivolva, na chini ya 1,400 kwa bunduki ndefu. Risasi za dukani nyingi zina nguvu kuliko inavyohitajika, na mtu anayepiga zaidi ya mia moja kwa siku moja hawezi kuzinunua kila wiki bila kufilisika. Basi hukaa kwenye meza yake ya kazi na kutengeneza.

Kazi yenyewe huenda hivi. Maganda huoshwa yakatakata. Fataki iliyokwisha kulia, kile kikombe kidogo kilicho kitakoni mwa ganda, hung'olewa kwa sindano ya chuma. Ganda limetanuka kwa msukumo wa mlio, kwa hiyo hukamuliwa ndani ya kalibu lirudi umbo lake. Fataki mpya hupachikwa. Baruti hupimwa na kumiminwa. Risasi hukalishwa mdomoni, kisha mdomo wenyewe hukunjwa kidogo uishike. Mashine ndogo yenye mkono wa kuvuta hufanya sehemu kubwa ya shughuli hii, lakini jicho la mtu halina mbadala.

Katika maelezo hayo sikulazimika kubuni neno hata moja. Ganda tunalo, na polisi hulitaja kila wanapokagua mahali pa tukio. Baruti na marisau ni maneno ya pwani tangu zamani. Kalibu ni chombo cha kumiminia chuma au risasi iliyoyeyushwa ili ipate umbo, na hakuna ubaya wowote kukipa kazi hii ya pili. Fataki ndiyo iliyokuwa ikivishwa juu ya kifa, ile chuchu ya gobori, ili nyundo ikiigonga itoe cheche. Huko bara neno hili lilipewa kazi nyingine na matangazo ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, yaliyowaandama wanaume watu wazima wanaowarubuni wasichana wa shule. Fundi wa bunduki asione haya kulidai lirudi kwake.

Sasa jina lililosahauliwa. Askofu Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, mahali pa kile ambacho leo tunakiita risasi nzima, yaani baruti, kidonge na kifuko chake kwa pamoja, aliandika kiasi cha bunduki. Waandishi wa kamusi waliomfuata wakalibakiza. Mantiki yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuona gobori likishindiliwa. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu kutoka kwenye pembe, inafuatiwa na kizibo cha kitambaa au makumbi, kisha risasi, na kila hatua mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unashuka na kugandamiza. Hakuna kikopo cha shaba cha kukwambia umefika. Ukitia baruti kidogo, risasi inadondoka karibu. Ukizidisha, mtutu unapasuka usoni kwako. Mwenye hadhari alikuwa akipima mapema nyumbani, kila mpigo na kifuko chake, kama muuza mchele anayepanga vibaba tayari kabla soko halijachangamka. Kifuko kile ndicho kiasi: kipimo kilichokwisha kupimwa. Alikitia ndani ya beti, mfuko wa ngozi wa kiunoni, akaenda zake.

Wamarekani wa enzi ya makauboi walifikiri vivyo hivyo, ila wao waliandika kwa tarakimu. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 ilitoka na risasi iliyokuja kuitwa .44-40. Namba ya kwanza ni upana wa risasi kwa sehemu za inchi, ya pili ni uzito wa baruti: punje 40, karibu gramu 2.6. Punje hiyo ni kipimo cha Kiingereza kilichotokana na punje ya shayiri, na 7,000 kati yake hutimiza ratili moja. Kwa hiyo jina la risasi lilibeba kiasi chake ndani yake. Aliyenunua .45-70 alijua anachochea moto mkubwa zaidi hata kabla hajafungua boksi.

Kisha mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akatengeneza baruti isiyo na moshi, na hapo kiasi kikageuka kuwa jambo la roho ya mtu. Baruti nyeusi ya zamani hujaza ganda mpaka karibu na mdomo. Ukijisahau ukatia mara mbili, inamwagika mezani unaiona. Baruti mpya ina nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Ganda kubwa la .45 la rivolva ya Colt, lililochongwa kwa ajili ya baruti nyeusi, likitiwa kiasi chepesi cha mchezo hubaki na uwazi mkubwa ndani. Kiasi cha pili kinaweza kuingia humo na risasi ikakaa juu yake vizuri kabisa, isionekane tofauti yoyote kwa nje. Mlio wa kwanza ndio utakaosema, na silinda ya rivolva haivumilii. Ndiyo maana watengenezaji hupanga maganda yaliyotiwa baruti kwenye kibao chenye matundu, wakamulika tochi ndani ya kila moja kabla ya kuyaziba. Mizani yao husoma hadi sehemu ya kumi ya punje.

Kwa nini basi kiasi kilitutoka? Sehemu ya jibu iko kwenye mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 2 Julai 1890. Unguja ilikuwa imekuwa lango la makumi elfu ya bunduki kwa mwaka zinazoingia bara, na mabalozi wa Ulaya waliona hatari ya kutawala watu wenye silaha sawa na zao. Mkataba ukapiga marufuku bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti za kawaida za biashara. Mwafrika akabaki na silaha ya kushindilia kwa mdeki, na risasi za ganda la shaba zikawa mali ya serikali, zikihesabiwa na askari kwa lugha ya kambini. Kwenye lugha hiyo risasi ilitosha. Kiasi kikabaki na wazee wa magobori, nao wakaondoka nacho. Leo Tanzania ina kiwanda chake cha Mzinga kule Morogoro, lakini raia haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi bila leseni, na sheria ya mwaka 2015 haina mzaha. Kwa hiyo hakuna fundi wa mtaani wa kutukumbusha neno.

Pingamizi nalisikia. Kiasi ni neno la kila siku, litachanganya: mtu ataandika "kiasi kikubwa cha viasi" na msomaji atacheka. Acheke. Katika sentensi ya kwanza andika kiasi cha bunduki kwa ukamilifu, halafu viasi vitaeleweka. Kwa kitendo chenyewe napendekeza kushindilia viasi. Kushindilia ni neno la bunduki tangu zama za mdeki, na mashine ya mezani nayo hushindilia kweli, risasi ikisukumwa ndani ya ganda kwa nguvu ya mkono. Anayetaka neno jepesi zaidi aseme kujaza maganda. Hilo nalo ni sahihi, maana ganda ndilo linalojazwa, ingawa halimwambii msikilizaji kwamba kuna kupima. BAKIZA, baraza letu la Kiswahili hapa Zanzibar, wakija na bora zaidi, nitalipokea.

Vifaa vilivyobaki havisumbui. Mfuko wa rivolva ni ala, kama ya jambia. Beti irudi kiunoni ilikokuwa. Mkanda wenye vitanzi ni mkanda wa viasi. Kauboi abaki kauboi; "mchunga ng'ombe" ni kazi, na anayetajwa hapa ni stelingi wa filamu. Isitoshe, kwetu Pemba anayecheza na fahali pale Wingwi ni mtu mwingine kabisa.

Limebaki jambo moja analopaswa kulijua yule kijana kabla hajakaribishwa mezani. Katika bunduki ya wenzo viasi hulala kwenye bomba refu chini ya mtutu, kimoja nyuma ya kingine, pua ya hiki ikigusa fataki ya kile. Risasi yenye pua kali, bunduki ikitikisika kwa mlio, inaweza kuigonga fataki iliyo mbele yake na bomba zima likalipuka mkononi. Kwa hiyo risasi za bunduki hizo humiminwa kwenye kalibu ya pua bapa, na mdomo wa ganda hukunjwa barabara ili msukumo wa springi ya bomba usiizamishe risasi ndani. Akiambiwa achague kalibu, achague ya pua bapa.