IRMA STERN: MCHORAJI ALIYEWACHORA WAZEE WA UNGUJA, UTAFITI WAIBUA MASWALI

Wadau, leo siasa na soka tuweke pembeni, tuongee picha. Kuna mchoraji mmoja sura za wazee wetu zimemtajirisha hadi kaburini, ila hapa Temeke ukimtaja wengi watakuuliza ndio nani huyo?

NI NANI?
Irma Stern alizaliwa 1894 Schweizer-Reneke, Afrika Kusini, wazazi wake Wayahudi wa Kijerumani. Uchoraji alisomea Ujerumani, na Berlin alishikwa mkono na Max Pechstein, mmoja wa wachoraji wa rangi kali na mistari mizito, wanaojali hisia kuliko kufananisha. 1920 akarudi Cape Town. Mwanzoni walimponda sana, baadaye akawa jina kubwa. Alifariki 1966.

ZANZIBAR ALIFUATA NINI?
Hitler alipochukua madaraka 1933, Irma aligoma kukanyaga Ujerumani, akageukia Afrika. Zanzibar alikuja 1939 na 1945, na katikati, 1942, alikwenda Kongo. Unguja alichora wazee wa vilemba na akinamama, na 1948 akatoa kitabu kiitwacho Zanzibar. Picha nyingi alizitia fremu za mbao za nakshi, zile za milango ya Unguja. Yaani hata mlango uliondoka!

PESA SASA
Machi 2011 picha yake "Arab Priest" ya 1945 iliuzwa mnadani London kwa paundi milioni 3 na ushee, ikaenda Qatar. Nyingine, "Arab in Black" ya 1939, ilitolewa ichangie gharama za mawakili wa Mandela na wenzake kwenye kesi ya uhaini. Miaka ikapita, ikaja kukutwa jikoni kwenye nyumba moja London, watu wanabandikia karatasi! 2015 ikauzwa zaidi ya paundi 800,000.

UTAFITI UNASEMAJE?
Mwaka 2020 msomi wa Marekani, LaNitra Berger, alitoa kitabu kinachomtazama Irma kwa jicho la rangi na ubaguzi. Huyu mama alikuwa Myahudi aliyeonja chuki za Wanazi, na pia mzungu aliyefaidi nafasi ya wazungu Afrika Kusini. Miaka ya 1950 aliiwakilisha nchi hiyo ya makaburu kwenye maonyesho ya Venice, na sifa yake imejengwa juu ya sura za watu weusi, Waarabu na Wahindi. Pande zote mbili ni kweli, huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine.

Mimi naongeza la kwetu. "Arab Priest" maana yake kasisi wa Kiarabu. Sasa jamani, Uislamu una kasisi? Mzee yule mtaani kwake angeitwa sheikh au maalim, na alikuwa na jina lake, la baba yake na la ukoo. Jina la mchoraji limebaki, la mzee halimo.

Mlioko Tandika, Mbagala na Kigamboni wenye babu na bibi wa Unguja, tafuteni picha hizo hapo hapo kwenye kompyuta, muwaonyeshe. Miaka ya 1945 si mbali kihivyo, huenda yupo anayeijua sura. Tusipouliza sasa, wanaojua wataondoka nalo.

Nawasilisha. Tiririkeni wadau!