Afya ya Nyumbani, Sehemu ya 4: Dawa ya mseto ilitoka wapi?

Wiki iliyopita tuliongelea tangawizi na mdalasini, vile vya Matombo na Kinole, na jinsi Wachina nao walivyovitumia kwenye tiba zao tangu zamani. Basi inboksi ikajaa: "Nesi, na majani ya atemisia je? Si ndiyo dawa ya Kichina ya malaria? Nimchemshie mwanangu?"

Swali zuri. Kulijibu lazima turudi nyuma kidogo.

Miaka ya 1960, vimelea vya malaria huko Asia ya Kusini-Mashariki vilianza kuizoea klorokwini. Vita vya Vietnam vinaendelea, askari wanaugua. Tarehe 23 Mei 1967 China ikaanzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, ukaitwa Mradi 523, yaani mwezi wa 5 tarehe 23. Mwaka 1969 akaitwa mtafiti mmoja wa kike, Tu Youyou. Alikuwa mama wa mabinti wawili wadogo. Mmoja akamwacha chekechea, mwingine kwa bibi na babu, akaenda kazini.

Timu yake ikakusanya dawa za asili zaidi ya 2,000. Mmea mmoja, qinghao, ambao sisi tunauita atemisia, ulionyesha matumaini. Lakini leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Kwa nini?

Akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, mganga wa karne ya 4. Humo majani hayakuchemshwa kabisa: yaliloweka kwenye maji, yakakamuliwa, mgonjwa akanywa. Tu akajiuliza, je, moto ndio unaoua dawa? Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi tu. Oktoba 1971, sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote kwenye panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wao kwanza, kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobeli.

Sasa njoo nyumbani. Kwetu klorokwini nayo ilichoka, ikaondolewa mwaka 2001, ikaja SP. Nayo haikudumu. Mwaka 2006 sera ikabadilika tena, tukapata ALu, hii tunayoiita dawa ya mseto. Ni mseto kweli, kama ule wa mchele na choroko. Atemetha, inayotokana na ule mmea, hupunguza vimelea haraka lakini huisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini, nayo iligunduliwa China, hubaki siku kadhaa kumalizia waliobaki.

Na mkoa wetu umo kwenye historia hii. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza kama maabara ndogo miaka ya 1950 kule Kilombero, ndiko alikotoka Dk. Salim Abdulla, aliyeongoza utafiti wa vidonge vya mseto vinavyoyeyuka kwenye maji kwa ajili ya watoto. Ulifanyika nchi tano za Afrika, matokeo yakatoka mwaka 2008. Kile kidonge unachomkorogea mwanao kwenye kijiko, ndicho hicho.

Kwa hiyo, chai ya atemisia? Hapana, mama. Ukichemsha, unarudia kosa ambalo Tu alishaliona. Hata ukiloweka, hujui jani lako lina dawa kiasi gani. Dawa kidogo haimalizi vimelea, na inavifundisha usugu. Shirika la Afya Duniani nalo linakataza.

Niliwahi kumpokea mama mdogo ameshuka kutoka milimani, kule juu ambako mbu si wengi. Mtoto alikuwa ametoka kutembelea ndugu bondeni, akapata homa. Siku mbili anapewa majani ya kuchemsha. Alipofika kwetu anadegedega. Tulimchoma artesuneti, ambayo nayo ni mtoto wa mmea uleule, akapona. Mama alilia akisema, "Nesi, nilidhani dawa ni ileile." Si mzembe yule. Hakuna aliyemsimulia.

Ndiyo maana nawasimulia. Mtoto akipata homa, nenda kituoni siku hiyohiyo apimwe kwa kipimo cha haraka. Akikutwa na malaria, mpe mseto dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na chakula, maziwa au kunyonya, maana dawa inahitaji mafuta ili iingie vizuri mwilini. Homa ikishuka siku ya pili, usiache. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akidegedega, usisubiri asubuhi. Kama wewe ni mjamzito, sema mapema kwa mhudumu. Na chandarua kila usiku, hata mkiwa wageni.

Tangawizi yako endelea nayo, chai inanoga. Homa ya mtoto ipeleke ikapimwe.

Mtumie na shoga yako mwenye mtoto mchanga. Sehemu ya 5 tutaongelea maji ya moto na mzazi. Nesi wenu.