Kumbe! Historia ya Sauti Inayotega Fumbo katika Michezo ya Video

Utangulizi

Wapo wenzetu ambao wakisikia "mchezo wa video" huwajia picha moja tu: mtoto aliyetoroka shule, anafyatua risasi kwenye kioo mpaka jioni. Wapo pia walimu wetu wanaoamini kwamba mwanafunzi wa fasihi akiutaja mchezo huo katika semina, basi hoja zimemwishia. Makala haya hayakusudii kugombana na watu hao. Yanakusudia kuwaonyesha kitu kimoja kilichomo ndani ya michezo hiyo ambacho ni mali yetu kabisa sisi wa fasihi, nacho ni msimulizi.

Tutatazama utanzu mmoja mdogo: michezo ya mafumbo ya nafsi ya kwanza. Humo mchezaji hamwoni mhusika, bali anaona kile anachokiona mhusika, na kazi yake kubwa ni kuwaza atatokaje hapo alipo. Baadhi ya michezo hii inachekesha mpaka mbavu ziume. Swali linalojitokeza ni hili: fumbo ni jambo la kuumiza kichwa, sasa kicheko kinatoka wapi? Jibu letu ni kwamba fumbo na kicheko vina kilele kimoja, na Kiswahili kimekwisha kukipa jina: "Kumbe!"

Tuanze na tunachokijua. Mtegaji anasema "Kitendawili!" nasi tunamjibu "Tega!" Tukishindwa tunampa mji, naye akiridhika nao anatufumbulia. Hapo tunacheka, kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho yetu muda wote. Ila katika mchezo huu upo mkataba. Mtegaji anaruhusiwa kuficha, haruhusiwi kudanganya. Historia ya michezo tunayoizungumzia, kwa maoni yetu, ni historia ya jinsi mkataba huo ulivyovunjwa.

Sauti ya pangoni

Katikati ya miaka ya 1970, huko Massachusetts, Marekani, alikuwapo mtaalamu wa kompyuta aitwaye Will Crowther. Alifanya kazi katika kampuni ya BBN, iliyoshiriki kuujenga mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti ya leo. Alikuwa pia mpenzi wa mapango, na alishiriki kupima Mammoth Cave kule Kentucky. Ndoa yake ilipovunjika, alitunga mchezo kwa ajili ya binti zake, Colossal Cave Adventure. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliuongezea mambo mengi. Mchezo ule haukuwa na picha hata moja. Kompyuta inaeleza ulipo, wewe unaandika amri fupi, nayo inakueleza kilichotokea.

Hebu tusimame hapa kidogo. Programu ile ilijitambulisha kwa mchezaji kuwa ndiyo macho yake na mikono yake. Yaani anayesema "mimi" ni mashine, na anayeitwa "wewe" ndiye mwenye mwili! Mkataba wa mtegaji bado upo, lakini mtegaji ameshakaa katikati ya mtu na macho yake mwenyewe. Akitaka kudanganya, nani atamshtaki?

Haikuchukua muda. Mchezo wa Zork, ulioanza kutungwa mwaka 1977 katika chuo cha MIT, uliongeza dhihaka: ukiandika amri ya kipumbavu, unajibiwa kwa kejeli. Mwaka 1984 mwandishi Mwingereza Douglas Adams, akishirikiana na Steve Meretzky, aliigeuza riwaya yake ya Hitchhiker's Guide to the Galaxy kuwa mchezo wa maneno. Humo mahali fulani sauti inakwambia njia hakuna, na njia ipo. Lazima ung'ang'anie mpaka ikiri. Ukisema "Kumbe!" hapo, umefumbua fumbo na umecheka kwa pumzi moja.

Mwaka wa kimya

Mwaka 1993 picha zilichukua nafasi ya maneno. Ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, walitoa Myst: kisiwa kisicho na watu, mashine za ajabu, na vitabu ambavyo ukivigusa vinakupeleka dunia nyingine. Uliuzwa nakala zaidi ya milioni 6. Mwaka huohuo ilitoka Doom, na tangu hapo kwa watu wengi nafsi ya kwanza ikawa na maana ya bunduki iliyochomoza chini ya kioo. Kwa hiyo utanzu uligawanyika. Wenye kuwaza walipewa kisiwa kizuri lakini kimya, na wenye kupiga kelele walipewa risasi. Kicheko kilikosa kwa kukaa, kwa sababu sauti ya mtegaji ilikuwa imenyamaza.

Binti asiye na magoti

Aliyeirudisha sauti hakuwa mkongwe yeyote. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha DigiPen, jimbo la Washington, walitengeneza mchezo wa Narbacular Drop kama kazi yao ya chuoni. Shujaa wake ni binti mfalme ambaye hawezi kuruka. Kwa nini? Eti hana magoti! Tusilidharau jambo hili. Kama shujaa angeweza kuruka, fumbo lingeharibika. Wanafunzi wale wakaugeuza upungufu huo kuwa mzaha, na mzaha ukawa sheria ya mchezo. Kwa kuwa binti haruki, anategemea milango miwili ya uchawi: akiingia huu anatokea ule, hata kama mmoja uko sakafuni na mwingine ukutani.

Kampuni ya Valve iliiona kazi hiyo ikawaajiri. Tarehe 10 Oktoba 2007 wakatoa Portal, chini ya uongozi wa Kim Swift, na maneno yakiandikwa na Erik Wolpaw na Chet Faliszek. Mhusika wetu, Chell, anaamka ndani ya maabara. Anapata bunduki, lakini bunduki hiyo kazi yake ni kutoboa milango miwili tu, mmoja wa buluu na mwingine wa rangi ya machungwa. Kutoka juu inasikika sauti ya GLaDOS, kompyuta inayoendesha majaribio, iliyoigizwa na mwimbaji wa opera Ellen McLain. Ni sauti ya adabu ya ofisini: inampongeza, inamwonya, inamwahidi keki akimaliza.

Mara ya kwanza tuliuchezea bwenini, watu wanne juu ya kompyuta moja ya kuazima. Mlango wa kwanza ulipofunguka tukaona kupitia ndani yake mtu amesimama, ametupa mgongo. Mwenzetu mmoja, ambaye michezo hii haimhusu kabisa, akapiga kelele: "Kumbe ni mwanamke!" Tulicheka, halafu tukanyamaza. Watatu kati yetu tulikuwa tumeshaamua moyoni kwamba "mimi" wa mchezo ni mwanamume, na hakuna aliyetuambia hivyo. Ni riwaya ngapi tulizosoma ambazo nafsi ya kwanza inajigeukia ghafla na kujiona kama nafsi ya tatu?

Sasa tuutazame ufundi wenyewe. Kila chumba cha majaribio kinafundisha sheria moja. Ukianguka kutoka juu ukaingia mlango wa sakafuni, utatupwa nje ya mlango wa ukutani kwa kasi ileile uliyoanguka nayo. Sheria hiyo haidanganyi hata siku moja. Sauti ndiyo inayodanganya. Pole pole mchezaji anajifunza kutenganisha vitu viwili ambavyo mwanzoni alidhani ni kimoja: maarifa, na yule anayeyatoa. Nyuma ya kuta anakuta maandishi ya mtu aliyepita kabla yake, yakionya kwamba ahadi ya keki ni uongo. Anapewa kisanduku chenye picha za moyo, anakizoea, kisha anaamriwa akitie motoni. Kinaya chake ni kichungu, lakini tunacheka.

Kisha chumba cha 19. Zawadi ya kumaliza ni tanuri la moto. Hapo Chell anatumia milango yake kutoroka, na kuanzia hapo anafumbua mafumbo ambayo hakuna aliyemtegea. Hii ndiyo "Kumbe!" kubwa kuliko zote: kumbe mafunzo aliyopewa ili awe mtiifu ndiyo yaliyomwezesha kuasi! Mchezo mzima umejengwa ili mchezaji aitamke mwenyewe, asiambiwe.

Portal 2, wa mwaka 2011, uliongeza historia ya kampuni yenyewe. Kwa njia ya sauti zilizorekodiwa tunajua kwamba miaka ya 1950 waliojaribiwa walikuwa wanaanga, mashujaa wa vita na wanamichezo wa Olimpiki. Miaka ya 1970 ni watu wasio na makazi, kwa dola 60. Miaka ya 1980 ni wafanyakazi wa kampuni wenyewe. Mhakiki anayependa kutazama matabaka hahitaji kuambiwa zaidi. Hata rangi za kuteleza na kurukia zilizomo humo zilitokana na kazi nyingine ya wanafunzi wa DigiPen, Tag: The Power of Paint.

Msimulizi anabembeleza

Mwaka huohuo wa 2011 Davey Wreden alitoa The Stanley Parable, na mwaka 2013, akiwa na William Pugh, akautoa upya. Hapa fumbo limebaki moja: kutii au kutotii. Msimulizi anasema kwamba Stanley aliingia mlango wa kushoto. Wewe ingia wa kulia uone. Atakasirika, atabembeleza, ataanza hadithi upya. Anasimulia kwa wakati uliopita jambo ambalo bado hujalifanya! Tumekariri darasani kwamba msimulizi maizi anajua yote. Hapa tunamwona anavyohangaika asipotiiwa.

Upungufu

Haitakuwa haki kusifu tu. Kwanza, "Kumbe!" haisemwi mara mbili. Ukishalijua jibu, chumba kinabaki chumba, na mzaha wa keki umerudiwa na watu mpaka umechuja. Shairi zuri halichuji hivyo. Pili, vichekesho vya GLaDOS vinategemea Kiingereza cha ofisini. Sisi wanne bwenini kuna mahali tulicheka tumechelewa, baada ya kutafsiriana. Tatu, muasi wa Portal anaasi pale tu watunzi walipomwachia upenyo. The Stanley Parable unalikiri hilo waziwazi, na huenda ndiyo sababu kicheko chake kina huzuni zaidi.

Hitimisho

Mwaka 2010 chuo cha Wabash, Indiana, kiliiweka Portal katika kozi ya mwaka wa kwanza pamoja na Gilgamesh na Hamlet. Mwaka 2012 jumba la sanaa la MoMA, New York, lilizichukua Myst na Portal katika mkusanyo wake. Hatuhitaji ruhusa ya huko ili tufikiri. Tunayo sababu yetu. Sisi tumelelewa na mtegaji anayeficha bila kudanganya. Dunia tunayotoka kwenda kuishi imejaa sauti za adabu zinazofanya vyote viwili. Fasihi isipotufundisha kuitenga sheria ya kweli na sauti inayoisoma, inatufundisha nini?

Na sisi wanafunzi, tunaotoka jaribio hili kuingia jaribio lile, kila mmoja ameahidiwa keki yake mwishoni. Atakayeumaliza mchezo wa Portal ataona, baada ya yote, kwamba keki ilikuwapo kweli, imewashwa mshumaa, ndani ya chumba ambacho Chell hakufika. Kumbe!