Sheko, ng'ombe wa milimani anayeponzwa na ukali wake

Kusini-magharibi mwa Ethiopia, upande wa Mizan Teferi, mvua hainyeshi kwa kubahatisha na misitu bado ina kiza mchana. Huko Washeko na jirani zao Wabench hufuga ng'ombe ambaye mtu aliyezoea zebu wenye nundu atamkazia macho. Nundu hana, au anayo ya kutafuta kwa mkono. Pembe ni fupi, wengine vipara kabisa. Manyoya yake laini, mara nyingi ya kahawia, hung'aa kana kwamba yamepakwa samli.

Ukoo huu ni wa kale. Ng'ombe wasio na nundu waliingia Afrika kupitia Misri maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Zebu walifuata baadaye sana kutoka Asia, kwa njia ya Pembe ya Afrika na pwani yetu. Kisha ikaja sotoka, tauni ya ng'ombe. Mwaka 1887 iliteremka bandarini Massawa pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Ethiopia ilipoteza karibu asilimia 90 ya mifugo yake, majembe ya kukokotwa yakalala, njaa ikaua watu hadi 1892. Wakati huo gonjwa lilikuwa limekwishafika Umasaini. Mazizi yalipojazwa upya, damu ya zebu ilizidi kutapakaa.

Kwa maoni yangu, mbung'o ndiye aliyemfaa Sheko. Zebu akipata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hukonda hadi mbavu zikahesabika, Sheko huistahimili. Watafiti walipomlinganisha na ng'ombe wa koo za Abigar, Horro na Gurage katika bonde la Ghibe, yeye ndiye aliyehitaji dawa mara chache zaidi.

Tatizo ni hasira zake. Dume la Sheko hupiga, huvunja ua, halichungiki na watoto. Mwenyewe hulihasi mapema au hulipeleka mnadani, na majike yakiiva hupandwa na zebu mpole wa jirani. Malisho nayo yanapungua kadiri mashamba yanavyopanuka. Vipimo vya jenetiki vinaonyesha kwamba hata huyo anayeitwa Sheko leo ana damu nyingi ya zebu.

Kwa hiyo kazi ya uokoaji ianzie kwa dume: kuchagua ndama watulivu wa ukoo huohuo, na kumpa mfugaji sababu ya kutowahasi.